Jumamosi za Kupima Msuli

Ukonga, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Upendo,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua bila kuuliza. Uko chumba cha pili, umefungua begi kwa mara nyingine, unamwambia baba yako kwamba zipu itakatika, naye anakujibu kwamba zipu za siku hizi hazikatiki, zinaachia. Nawasikia wote wawili kupitia ukuta huu. Hujaondoka bado, na tayari nina hamu nawe. Tangu asubuhi nimekuwa nikikufuata macho ukipita kutoka chumbani kwenda uani, uani kwenda jikoni, na kila ukigeuka najifanya natafuta kitu.

Mambo ya makoti, dawa za mafua na namna ya kukaa na watu wa huko Uturuki shangazi yako ameshakueleza, na amekueleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Sina la kuongeza. Nataka kukusimulia jambo ambalo vipande vyake unavijua, ila hujawahi kulisikia lote toka mwanzo. Ni habari ya Bi Mwanahamisi, na ya zile Jumamosi zetu.

Ulikuwa kidato cha tatu. Mwaka ule ofisi ya baba yako ilihamia Dodoma naye akahama nayo, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa kwenye ile kliniki ya fiziotherapia kule Temeke, na tulikuwa na utafiti. Tulikusanya akina mama watu wazima wenye maumivu ya magoti, tukawa tunawafanyisha mazoezi: kukaa kwenye kiti na kusimama, kupanda ngazi ya mbao na kushuka, kunyoosha mguu uliofungwa kifuko cha mchanga. Tulitaka kujua kama misuli yao ya mapaja inaamka. Msuli ukikazwa hutoa umeme, mdogo sana, mwenyewe huusikii. Ukibandika vibandiko juu ya ngozi na kuviunganisha kwa nyaya na mashine, kompyuta inakuchorea mistari. Msuli ukifanya kazi, mistari inanenepa, ukitulia, inasinyaa. Ndivyo nilivyowaeleza wale akina mama, na ndivyo mwenyewe nilivyoamini: mstari mnene, msuli uko macho, mstari mwembamba, msuli umelala.

Mwenzangu katika kazi ile alikuwa Salim, yule mwembamba ambaye kwao wana duka la vitambaa tangu enzi za babu yake. Ndugu zake walitarajia akae dukani. Yeye akaenda kusomea vipimo vya mwili. Alikuwa na tabia ya kurudia jambo mpaka unamchoka. Siku hizo nilimwona mzito.

Bi Mwanahamisi alikuja miongoni mwa wa mwanzo. Alistaafu kiwanda cha nguo, na ujanani aliwahi kuchezea timu ya netiboli ya kiwanda hicho. Nilipomuuliza anatarajia nini kwenye mazoezi, maana ilikuwa lazima tuwaulize, alicheka.

"Mwanangu, mie sitaki mguu wa kukimbilia. Nataka kusujudu. Muda mrefu sasa naswali juu ya kiti. Naona kama namwamkia Mungu huku nimekaa."

Hakukosa mazoezi. Mvua zilipofunga barabara ya kwao Tandika alikuja kanga zimelowa mpaka magotini, anatweta, anauliza kama tumeanza. Miezi ikapita, tukampima mara ya pili, na mistari yake ikatoka myembamba kuliko ya mwanzo.

Nilimketisha. Nilitumia ile sauti ya upole tunayofundishwa kutumia na wagonjwa.

"Bibi, msuli wako bado haujaitikia mazoezi."

Alitazama kompyuta. "Mistari hiyo ndiyo mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ile ya siku ya kwanza ilikuwa minene zaidi?"

"Ilikuwa minene zaidi."

Akashusha kanga kufunika goti, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Haya, mwanangu. Mwili umeshasema." Akanishukuru. Upendo, alinishukuru, akaondoka, na wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Salim ndiye aliyeshindwa kulimeza. Tulikuwa tunakunywa chai pale kwenye veranda ya kliniki, akaweka kikombe chini.

"Dada Edina, kuna kitu hakiniingii akilini. Yule Bibi siku ya kwanza alipanda ngazi yetu kashika ukuta. Juzi juzi kapanda huku ananisimulia habari za netiboli, ukuta hakuugusa. Mguu umedhoofu vipi?"

"Kompyuta haina upendeleo," nikamjibu.

"Haina. Ila inasoma tulichokibandika."

Nilichukia kidogo, nakuambia ukweli. Lakini mchana ule, wagonjwa walipokwisha, alivua kiatu akakaa kwenye kiti cha kupimia, akasema nipime mimi. Nikampima. Nikabandua vibandiko, akanywa maji, nikambandika upya, nikampima tena. Mtu yule yule, paja lile lile, chai ile ile tumboni, na namba hazikufanana. Nikasogeza vibandiko upana wa kidole, zikashuka. Tukapaka ngozi mafuta ya nazi halafu tukafuta kwa kitambaa kikavu tu, kama tulivyokuwa tukiwafanyia wale akina mama, zikaharibika kabisa. Nikauacha waya ukining'inia, kila alipotikisa mguu mistari ikaruka kama panzi. Na jasho la Dar unalijua, likiingia chini ya kibandiko hakishiki tena.

Nikakumbuka. Mara ya kwanza Bi Mwanahamisi alibandikwa na Salim. Mara ya pili nilimbandika mimi, kwa jicho, nina haraka, na yeye alikuwa ametoka kujipaka mafuta. Juu ya hayo yote tulichukua namba ya leo tukailinganisha na ya miezi iliyopita hivi hivi, kama mtu anayesikiliza redio mbili zilizofunguliwa sauti tofauti halafu anasema huyu mtangazaji anapiga kelele kuliko yule.

"Kabla hatujauliza mtu amebadilika kiasi gani," Salim alisema huku akivaa kiatu, "tujue kwanza sisi wenyewe tunatikisika kiasi gani."

Tukaenda kwa kiongozi wa utafiti, tukamwambia inabidi kusimama na kuanza upya. Hakufurahi, na sikumlaumu. Alitupa ruhusa ya kufanya majaribio Jumamosi, mchana, kliniki ikiwa tupu. Tulihitaji watu wazima wenye afya njema ambao tungewapima na kuwapima tena bila kuwafanyisha zoezi lolote, ili tuone namba zinacheza kiasi gani zenyewe. Wafanyakazi wenzetu walikubali. Na kabla hatujawagusa hao, mkono wangu ulihitaji mazoezi. Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni wewe.

Sasa hapa ndipo pagumu kuandika. Ulikuwa humwongeleshi mtu. Miezi michache nyuma bibi yako alifariki Njombe. Nilikwenda kumzika mama yangu nikakuacha kwa jirani, kwa sababu ulikuwa na mitihani. Niliporudi hukuuliza lolote. Ulinipokea begi, ukanitengea chakula, ukaenda kusoma. Nikawaambia watu kanisani kwamba mtoto wangu amekomaa, amelipokea jambo vizuri. Baadaye milango ikaanza kubamizwa. Nikasema ni umri.

Nilipokuomba uje kliniki ulitaka kujua kama utapata chipsi. Nikasema utapata.

Najua unakumbuka ilivyokuwa. Kuosha paja kwa sabuni, kupitisha wembe, kufuta kwa spiriti, kungoja pakauke. Kupima kwa utepe toka mfupa wa nyonga mpaka kwenye kifuniko cha goti, kila mara sehemu ile ile, na kuweka nukta za wino ambazo nilikusihi uzipake upya kila ukioga ili zisipotee kabla ya Jumamosi nyingine.

"Mama, wenzangu shuleni, tukibadili nguo za michezo, wameniuliza kama nimechanjwa chale."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia ndiyo, za mapenzi."

Salim alicheka mpaka akatoka nje. Kisha kiti kile kile, goti limekunjwa vile vile, mkanda kwenye kifundo cha mguu, nami nasema kaza, kaza, kaza yote, usiachie, haya pumzika. Tulihitaji kwanza kujua nguvu yako yote ya siku hiyo ni ipi, ndipo kazi nyingine ipimwe kama sehemu ya nguvu hiyo. Na kati ya kukaza na kukaza ilibidi ukae tu, la sivyo uchovu ungeingia kwenye kipimo.

Yale mapumziko sikuyafikiria kabisa nilipopanga kazi. Kwangu yalikuwa muda wa kungoja. Lakini wewe umefungwa kwenye kiti, huwezi kwenda kubamiza mlango, mimi siwezi kwenda kuosha vyombo, na simu tumeziweka mbali zisiingilie mashine. Basi ukaanza kusema. Ulisema habari za mwalimu wa kemia anayeita kila mtu "bwana mkubwa". Ulisema umeacha kwaya, jambo ambalo sikulijua, na ulikuwa umeiacha kitambo. Siku moja uliniuliza, "Baba akikaa Dodoma sana, hatosahau kuishi na sie?" Nikakujibu haraka haraka kwamba baba anatupenda. Ukanitazama, ukasema, "Sijauliza hilo," halafu muda wa kupumzika ukaisha na ikabidi ukaze. Wiki nzima nilitembea na swali lako. Jumamosi iliyofuata nilikujibu vizuri zaidi, nikakuambia kwamba hata mimi hofu hiyo ninayo.

Mkono wangu ukapata ustadi. Jumamosi kwa Jumamosi namba zako zilianza kufanana, mpaka tukawa tunaweza kukisia kabla hazijatoka. Nilijivuna. Halafu ikaja ile Jumamosi.

Nukta zilikuwa mahali pake. Ngozi safi, waya umefungwa, kila kitu. Nikasema kaza, namba ikatoka chini sana.

"Tena. Kaza yote."

"Nimekaza yote."

Nikabandua, nikafuta, nikabandika upya. Chini. Nikabadilisha waya. Nikamwomba Salim azime mashine aiwashe. Nikachungulia chini ya kiti sijui natafuta nini.

"Mama," ukasema, "acha mashine. Ni mie."

"Ni wewe vipi?"

"Sina nguvu. Nimeota bibi yuko ndani kwake kule Njombe, ananiita niingie, mie nimesimama mlangoni kama mgeni." Ukakaza meno. "Kila mtu alimzika bibi isipokuwa mie."

Salim alichukua birika, akatoka nayo, ingawa ilikuwa imejaa.

Ulilia ukiwa na nyaya pajani. Mashine ilikuwa bado inawaka, ikawa inachora kila kwikwi yako, mistari inaruka na kutulia, inaruka na kutulia. Nikaizima. Nilitaka kukueleza habari ya mitihani, umbali wa Njombe, hali ya barabara, namna nilivyokuwa sijielewi siku zile. Maneno yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikapiga magoti pale chini, nikakushika miguu.

"Nilikosea," nikasema. "Ningekuchukua."

Ukajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na mtihani wenyewe nilifeli."

Tukacheka, mwanangu, tukacheka mpaka Salim akachungulia kujua kama ni salama kurudi. Desemba ile tulikwenda Njombe mimi, wewe na baba yako, na hiyo nusu ya habari unaijua, wewe ndiye uliyeng'oa magugu kaburini hata hukutaka kusaidiwa.

Namba za siku ile nilitaka kuzifuta. Zilikuwa za mazoezi tu, hazikuwa za utafiti, na ziliharibu mpangilio mzuri. Salim akakataa. Alisema tumejifunza kitu: kwamba tunapomwambia mtu akaze kwa nguvu zote, nguvu zote zinakuja pamoja na roho yake, na usiku aliolala, na msiba wake. Kuanzia hapo kila mama tuliyempima tulimuuliza kwanza ameamkaje, anaumwa wapi, kuna nini nyumbani, na tulikaa kusikiliza jibu. Kwangu lilikuwa jambo la kushangaza. Nilikuwa nimetumia wiki hizo zote kujifunza nisimlaumu mtu kwa kosa la mashine, halafu mtu alipobadilika kweli, tena mwanangu mwenyewe, nikaanza kukagua nyaya.

Tulipokuwa tayari kuanza upya, tulikwenda Tandika kumtafuta Bi Mwanahamisi. Tulimkuta barazani anachambua mchele. Miguu ameinyoosha, na nikaona jinsi goti lilivyovimba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmekuja kunipima hapa hapa?"

Nikamwambia kilichotuleta. Kwamba kipimo chetu hakikuwa cha kutegemewa, kwamba hatukubandika mahali pamoja, kwamba tulilinganisha visivyolinganishika.

Alisikiliza huku vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Kwa hiyo mguu wangu haukulala?"

"Hatujui, Bibi. Hatukujua siku ile pia. Tulisema kama watu wanaojua."

Vidole vikasimama. Nilitamani anitukane. Alinitazama, na aliposema hakupandisha sauti.

"Toka siku ile nimekaa hapa. Wajukuu wakiniambia bibi twende hadi msikitini, nawaambia mguu umeshakufa, kompyuta imesema. Ungeniambia 'sijui,' mwanangu, ningeendelea. Mie hiyo 'sijui' nimeizoea."

Salim aliinamisha kichwa. Mimi nilimwomba samahani, na samahani ilikuwa ndogo.

Alirudi. Alikaa wiki mbili akitufikiria, kisha siku moja tukamwona anaingia getini na mjukuu wake. Safari hii tulimpima mara kadhaa kabla hajaanza zoezi lolote, mkono mmoja, nukta za wino, ngozi safi. "Leo sikupaka nazi," alisema, "nimekuja mkavu kama kuni." Tukamwanzisha. Tulipompima baada ya miezi, namba zake zilikuwa zimepanda, tena zimepanda kupita ule mtikisiko wetu, yaani kuliko namba zinavyocheza zenyewe mtu asipobadilika, kwa hiyo safari hii nilipomwambia nilijua ninachosema. Siyo sana. Ilitosha kumtoa kwenye kiti bila kushika kitu na kumfikisha msikitini kwa miguu yake.

Kusujudu hakusujudu. Goti lilikuwa limekaa muda mrefu mno, limekakamaa, halikubali tena kukunjwa kiasi hicho. Labda lisingekubali hata kama tusingekosea; hilo nalo sijui, na nimejifunza kulala nalo. Bado anaswali juu ya kiti. Juzi nilimwambia unaondoka. Akasema, "Mwambie asikae sana huko. Watu tunachakaa."

Huendi kupima misuli ya mtu, Upendo. Unakwenda kusomea majengo, utapima zege na vyuma, na walimu wako watakufundisha hayo kuliko mimi. Ninachokiogopa ni mimi na wewe. Utanipigia kwa video, nitautazama uso wako kwenye simu, na mtandao utakuwa unakatakata. Nitasema amekonda. Nitasema amenijibu kwa mkato, ana jambo, au amepata watu wengine wa kuzungumza nao. Nitabeba simu moja mbaya niifanye habari ya mwaka mzima. Najijua. Ukiniona naanza, niambie, "Mama, ni mtandao." Na siku ambayo si mtandao, siku ambayo ni wewe, tafadhali usingoje nimalize kukagua nyaya. Niambie kama ulivyoniambia siku ile. Nitaacha kila kitu.

Nawe usinipime kwa siku moja. Kuna siku nitakuwa na sauti kavu, nitasema sina muda, nitakuuliza umekula kana kwamba hilo ndilo swali pekee lililobaki duniani. Ngoja kesho yake, nipigie tena. Baba yako vilevile. Yeye atakuambia habari za hali ya hewa ya Dodoma mpaka uchoke. Usikate simu. Huko kwenye hali ya hewa ndiko anakojificha, na akishakuzoea kwenye simu atatoka.

Jumamosi zile ziliisha bila kuagana. Utafiti ulimalizika, mashine ikahamishiwa kliniki nyingine Mikocheni, wewe ukaingia kidato cha nne na masomo ya ziada. Hakuna aliyesema leo ndiyo ya mwisho. Ningejua, ningekuambia upumzike kidogo zaidi. Nimejaribu mara nyingi tangu hapo kutafuta sababu nyingine ya kukuketisha mchana mzima mbele yangu, na sikupata. Nilikuomba unisaidie kusuka nywele, ukasema saluni. Nilikuomba tuchambue maharage, ukayachambua haraka kuliko nilivyotaka.

Nilitaka kuandika mengi. Nilikuwa na maneno ya kumalizia, nilikuwa nimeyafikiria tangu jana nikiwa kazini. Lakini sasa hivi umeita kutoka jikoni.

"Mama! Unaandika nini humo?"

Nimesema naandika ripoti.

"Njoo bwana, chai inapoa. Na baba kamaliza maandazi."

Mwanangu, barua inaweza kuishia popote. Wewe bado uko humu ndani. Nakuja.

Mama yako,
Edina